Salamu za Mtungi

Mkono Laini hakuwa na desturi ya kubisha hodi. Ulijua amefika kwa mlio wa kigoda chake kikigonga ndoo, koko, koko, koko, kikizunguka nyumba kutoka upande wa choo hadi bandani. Mimi nikiwa bado napuliza moto, nilikuwa nikimsikia akimsalimia ng'ombe wangu, Tulia, kabla ya kunisalimia mimi.

"Tulia, mwanangu, umeamkaje? Huyo Mama Roho Juu amekupa majani, au amekupa maneno tu?"

Mama Roho Juu ndiye mimi. Jina hilo alinipa yeye, kwa sababu hata paka akikohoa mimi hutoka nje kutazama. Sikuchukia. Lake yeye alipewa kwa ajili ya ng'ombe. Alikamua kwenye nyumba ambazo wenyewe hawakuweza, au hawakuwa na muda, au waliogopa mateke, na ng'ombe aliyemwangusha mwenye nyumba mbele ya majirani alisimama kwa Mkono Laini kama mtoto anayesukwa nywele. Alikuwa na viganja vipana, vyekundu kidogo, na vidole vilivyojaa. Kidole kidogo cha kushoto kilipinda. Kilikanyagwa na ng'ombe alipokuwa msichana mdogo, na mama yake mdogo, ndugu wa marehemu mama yake aliyemlea, akamwambia amalize kwanza kukamua ndipo alie.

"Nikamaliza," alisema aliponisimulia, akicheka. "Kufika wakati wa kulia, kilio chenyewe kilikuwa kimekwisha."

Hakuwa na ng'ombe wake, wala shamba, wala mtoto. Mume alimwacha kwa sababu ya hilo la mtoto, akaenda kuoa kwingine, na yeye akabaki kwenye chumba cha kupanga nyuma ya mashine ya kusaga, ukutani vumbi la unga, dirisha moja. Mikono ile ndiyo ilikuwa shamba lake. Kila nyumba ilimpa kadiri ilivyojaliwa, hapa chupa ya maziwa, pale unga au sabuni, na kila nyumba ilimwekea kikombe chake, ambacho hakuna mwingine aliyekinywea. Kwangu kilikuwa cha bati, cheupe chenye mdomo wa buluu, kikining'inia kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni. Akimaliza kukamua alikaa kizingitini, akanywa chai yake, akatuchekesha, akaenda.

"Siku mikono hii ikikataliwa," aliwahi kuniambia, "mimi nitakuwa kisu bila mpini. Kipo, lakini nani atakishika?"

Nilimwambia asiite mabaya. Mimi huogopa maneno ya namna hiyo.

Kwa mama mdogo yule alirithi vitu viwili, kigoda na mazoea ya kitambaa. Alifundishwa kwamba maziwa huitana. Unaanza na ng'ombe mwenye maziwa mengi kuliko wote, unachovya kitambaa kwenye maziwa yake ya kwanza, unakikamua, kisha unawapangusia wengine chuchu zao kwa kitambaa hichohicho ili nao washushe. Kwa mama mdogo ng'ombe wote walilala zizi moja. Kwetu kila nyumba ina banda lake, kwa hiyo Mkono Laini alikitembeza kitambaa mtaa mzima.

Alianzia kwa fundi cherehani. Fundi alikuwa na ng'ombe mweusi mwenye mabaka meupe, kiwele kinagusa magoti, aliyeitwa Mtungi. Fundi alimsifu Mtungi kuliko alivyomsifu mkewe, na mkewe alisema afadhali iwe hivyo, maana sifa za fundi hazijazi sufuria. Kutoka pale Mkono Laini alikuja na kipande chake cha shuka kuukuu, kimelowa maziwa, kimetupwa begani, na kila alipoingia alisema neno lilelile:

"Nimeleta salamu za Mtungi."

Akainama, akampangusa ng'ombe chuchu zote nne, na kweli, maziwa yalishuka. Sisi tulizipenda salamu zile. Siku moja kitambaa kiliraruka akaja bila hicho, na mama muuza mkaa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alimzuia mlangoni.

"Rudi kwanza kwa Mtungi. Wangu haanzi bila salamu."

"Mama mkaa, ng'ombe wako ana maringo kama bibi harusi."

"Amejifunza kwako. Rudi!"

Na akarudi, koko, koko, koko, hadi kwa fundi na kuja tena.

Halafu zikaja mvua za mfululizo. Mabanda yakawa matope, samadi ikafika kwenye vifundo vya miguu, na ng'ombe walilala humohumo kwa kuwa hawana pengine pa kulala. Wa kwanza kuugua alikuwa ng'ombe wa mwalimu mstaafu. Kiwele kilivimba upande mmoja kikawa kigumu kama kiazi kibichi, maziwa yakatoka na vibonge, baadaye maji ya njano yenye harufu. Kituo cha maziwa kikamrudishia mwalimu ndoo yake mbele ya watu. Wengine walisema ni matope. Wengine walisema ni jicho, kwamba mwalimu aliongea sana mwaka ule juu ya ndama wake jike.

Mkono Laini alimkanda kwa maji ya moto, akamkamua mara nyingi, akamnong'oneza.

"Amepungukiwa salamu, si kitu kingine," alituambia. Kuanzia siku hiyo akawa anakichovya kitambaa kwa Mtungi mara mbili, na kukipitisha kwa kila ng'ombe taratibu zaidi, chuchu moja baada ya nyingine, kama anayepaka mtoto mafuta.

Ndipo akaugua ng'ombe wa mama muuza mkaa. Naye Mkono Laini akaongeza juhudi. Alitoka kwa mgonjwa akaenda kwa mzima, kutoka kwa mzima akaenda kwa mgonjwa, amelowa, amechoka, na kitambaa begani.

Mimi huona kitu kabla hakijasema. Asubuhi ile nilimwona Tulia amesimama, mguu wa nyuma wa kushoto ameutanua nje kama mtu mwenye jipu mapajani. Majani hajayagusa. Ndama aliposogea kunyonya, alimsukuma kwa goti. Nikaweka kiganja kwenye kiwele, upande wa nyuma kushoto, nikakitoa haraka. Palikuwa pa moto.

Binti yangu alikuwa amerudi nyumbani kujifungua, na mtoto alikuwa bado mchanga. Alikuja akiwa amembeba mgongoni, akainama, akagusa nilipogusa. Mkono wake mwingine ulikwenda kwenye titi lake mwenyewe bila yeye kujua.

"Mama, huyu anaumwa. Anaumwa kweli."

Mkono Laini alipofika hakufanya utani wowote. Alipiga magoti kwenye matope, akaweka shavu ubavuni mwa Tulia, akakamua chuchu ile kwa vidole viwili. Kilitoka kibonge, kikaning'inia, kikaanguka. Tulia alipiga teke, mara ya kwanza tangu nimjue, na lilimpata mkononi.

"Nisamehe, mwanangu," Mkono Laini alimwambia ng'ombe. Aliponigeukia mimi, macho yake yalikuwa mekundu. "Dada, sijui. Nimefanya kila nilichofundishwa. Sijui nimebakiza nini."

Nikatuma mtu kumwita daktari wa mifugo.

Alikuja binti mmoja mwenye viatu virefu vya mpira na sauti ya mtu ambaye ana kwingine pa kwenda. Hakuwa mbaya. Alimpima Tulia joto, akampapasa kiwele, akatoa kisinia cha plastiki chenye vikombe vinne vifupi. Alikamulia kila chuchu kwenye kikombe chake, akaongeza dawa mfano wa sabuni ya maji, akakizungusha kisinia polepole. Vikombe viwili vilibaki maji. Kimoja kikawa kizito kidogo. Cha nne kiliganda kikavutika kama ute wa yai.

"Nani anamkamua?"

"Mimi," alisema Mkono Laini.

"Unakamua nyumba ngapi?"

"Zote zinazoniita."

"Unanawa mikono ukitoka nyumba moja kwenda nyingine?"

"Nanawa nikitoka kwangu asubuhi. Njiani nanawa mvua, si unaiona?" Tukacheka kidogo. Daktari hakucheka.

"Na hicho kitambaa?"

"Hiki? Hizi ni salamu." Akamweleza. Alieleza kwa furaha, nakumbuka, kama mtu aliyeulizwa habari za kwao: mama mdogo, zizi, maziwa yanayoitana, Mtungi. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga mkoba wake.

"Mama, twende kwa huyo Mtungi."

Tulikwenda wengi. Mama muuza mkaa alitufuata, mwalimu mstaafu alitukuta njiani na mwavuli wake, na tulipofika kwa fundi tulikuwa kama watu wanaoenda kutoa posa. Fundi alitoka na utepe wa kupimia shingoni.

"Ng'ombe wangu? Mgonjwa? Daktari, huyu ukimtazama tu anatoa maziwa. Tazama manyoya hayo! Mimi mwenyewe sing'ai hivyo."

"Naona. Nataka maziwa kidogo tu, fundi."

Mtungi alisimama anacheua, hana habari. Maziwa yaliyoingia kwenye kisinia yalikuwa meupe, mazuri, hata mimi ningemnywesha mjukuu. Daktari akatia dawa, akazungusha. Vikombe vitatu viliganda. Alivizungusha tena, kana kwamba naye hakutaka kuamini, kisha akakiinua kisinia ili wote tuone.

"Ugonjwa unaanzia hapa," alisema. "Ugonjwa wa kiwele wa namna hii haujionyeshi. Ng'ombe anakula, anang'aa, maziwa unayaona safi, kumbe kiweleni mna vijidudu miezi na miezi. Angebaki navyo mwenyewe. Lakini huyu mama amevichukua kila siku kwa kitambaa na kwa mikono, akawapelekea wengine, nyumba hadi nyumba."

Kila neno lilikuwa la kweli. Sijawahi kusikia mtu akilipinga hata moja, wala Mkono Laini mwenyewe. Ila ukweli nao una namna ya kuingia kwa mtu, na ule uliingia kwa kuvunja mlango.

Fundi ndiye aliyeanza kupiga kelele.

"Basi ni yeye aliyemwambukiza Mtungi!"

"Fundi, si umesikia ugonjwa umeanzia hapa?" nilisema.

"Na hapa ulifikaje? Ulianguka na mvua? Nani amemkamua Mtungi tangu ndama wake wa kwanza? Si mikono hiyohiyo?" Akamgeukia daktari. "Niambie kama nasema uongo."

Daktari alifikiri. Nilitamani asifikiri. "Inawezekana," alisema.

Mkono Laini alikuwa amekivua kitambaa begani. Alikikunja mara mbili, mara nne, mpaka kikawa kidogo cha kuenea kiganjani, na hakujua pa kukiweka.

"Mama mdogo alisema maziwa huitana," alisema, si kwa yeyote kati yetu.

Mwalimu mstaafu, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akimtukana mtu, alifunga mwavuli wake mvua ikinyesha na kusema, "Ng'ombe wangu anakwenda kwa mchinjaji wiki hii." Akaondoka.

Tuliporudi kwangu, daktari alitufundisha, mimi na binti yangu na Mkono Laini, tukiwa tumechutama bandani. Alitufundisha vizuri, lazima niseme. Samadi itolewe na palipo matope pawekwe nyasi kavu au maranda, ng'ombe apate pa kulala pakavu. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kila ng'ombe, na mkono wenye michubuko au vidonda usiguse chuchu kabisa, kwa sababu vijidudu hujificha humo. Kila ng'ombe awe na kitambaa chake, kichemshwe, kianikwe juani. Matone ya kwanza yakamuliwe kwenye kikombe cheusi ili kibonge kionekane, wala si chini, wala si kiganjani. Ukimaliza unachovya kila chuchu kwenye dawa, halafu unampa majani ili asimame, kwa sababu tundu la chuchu hukawia kujifunga na akilala mara moja uchafu unaingia. Mgonjwa akamuliwe wa mwisho. Dawa ilikuwa kwenye vibomba vyenye ncha ndefu, vya kuingizwa ndani ya chuchu baada ya kuikamua mpaka iwe tupu, na akasisitiza tumalize vyote hata kama vibonge vitatoweka. Na maziwa yasinywewe, ndama asipewe, mpaka siku alizotuambia zipite. Yamwagwe shimoni.

"Yote?" aliuliza Mkono Laini.

"Yote, mama."

Alikuwa anaitazama mikono yake. Katika maisha yake yote ya kukamua nadhani hakuwahi kumwaga maziwa makusudi.

Baada ya hapo milango ilifungwa. Hakuna aliyemfukuza kwa mdomo. Alifika mahali akakuta banda limefungwa kwa mnyororo, akafika kwingine akaambiwa shemeji amekuja kutoka shamba atakamua yeye. Mke wa fundi alimrudishia kikombe chake, kimeoshwa, kimefungwa kwenye gazeti. Kwa mama muuza mkaa nilikiona chake kwa macho yangu uani, kuku wananywea.

Mama muuza mkaa alitumia vile vibomba mpaka vibonge vilipotoweka, akasema ng'ombe amepona, akaweka vilivyobaki juu ya kabati. Haukupita muda kiwele kikavimba tena, kibaya kuliko mwanzo.

"Unaona?" aliniambia ukutani. "Mikono yake ile."

"Lakini jirani, hajakanyaga kwako tangu siku ile. Na dawa hukumaliza."

"Wewe mtetee. Una mjukuu mchanga ndani, mtetee tu."

Neno hilo lilinishika. Alilisema kupitia ukuta wa matofali, akaendelea kufua, na mimi nikabaki nimesimama na ufagio.

Mimi sikumfungia Mkono Laini. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu watu husema mtaa mzima ulimfungia. Alikuja kwangu asubuhi na jioni, nyumba pekee iliyobaki. Alikata kucha mpaka nyama. Alijisugua kwa sabuni hadi viwikoni, akainyoosha mikono mbele ya moto wangu ikauke, hakuigusisha nguo. Vitambaa alivichemsha mwenyewe na kuvianika kwenye kamba, kimoja cha chuchu nzima za Tulia, kimoja cha ile mbovu, akavitia fundo tofauti ili visichanganyike. Aliingiza dawa kwenye ile chuchu kwa uangalifu ambao hata daktari aliporudi aliusifu. Aliyajifunza yote. Mtu aliyefundishwa na mama mdogo kama yule hujifunza haraka.

Ila hakutuchekesha tena, wala hakuniita Mama Roho Juu.

Siku moja jioni alikuwa kizingitini na chai yake, na binti yangu alimpa mtoto amshike wakati anaanua nguo. Alikuwa akimshika kila siku tangu azaliwe. Alimlaza mapajani, akamwekea kile kidole kilichopinda, mtoto akakikamata na kukipeleka mdomoni.

Nilikuwa mlangoni. Nilitembea nikamchukua mtoto.

"Atakuwa na njaa," nilisema. "Ngoja nimpe mama yake."

"Ametoka kunyonya sasa hivi, mama," binti yangu alisema kutoka kwenye kamba ya nguo.

Nikaingia ndani na mtoto. Nilimpangusa mdomo kwa maji ya moto, mara moja, kisha tena. Dirisha la jikoni linatazama kizingiti, na nilipoinua kichwa Mkono Laini alikuwa ananitazama. Aliinama akamalizia chai yake. Alikisuza kikombe mwenyewe bombani, kwa sabuni, ndani na nje na kwenye kishikio chake, akakitundika msumarini.

Asubuhi iliyofuata alikuja kama kawaida. Nilisimama bandani. Tangu kuugua kwa Tulia nilikuwa nasimama pale kila anapokamua, nikishika taa au nikishika kamba ambayo haikuhitaji kushikwa. Alinawa. Alipangusa. Akakaa kigodani, akaweka vidole kwenye chuchu ya mbele, akavuta. Hakikutoka kitu. Akakanda, akavuta tena. Tulia alikuwa amebana, masikio nyuma, anapumua kwa nguvu.

"Anakataa," nilisema.

"Hakatai yeye."

"Sasa nini?"

"Dada, unanitazama."

"Simtazami mtu. Nashika kamba."

"Unaitazama mikono yangu. Unaitazama kama mikono ya mwizi iliyoingia mfukoni mwako." Hakupandisha sauti. "Mimi nikiogopa, vidole vinakuwa vya mti, na ng'ombe anasikia. Nenda jikoni, kwa muda mfupi tu. Nenda kachochee moto wako. Nitamaliza."

Ningeweza kwenda. Jikoni ni hatua chache kutoka pale. Nilimfikiria mjukuu, nikafikiri juu ya kisinia kile na ute wa yai, nikafikiri, je, akisahau. Mtu huzoea. Mkono una akili yake. Nikabaki pale na kamba.

Alingoja. Alipoona siondoki alisimama, akachovya chuchu zote nne kwenye dawa ingawa hakuwa amekamua kitu, akampa Tulia majani. Akakitwaa kigoda.

"Binti yako ana mikono mizuri," alisema. "Nimemwonyesha. Asibane kwa kucha, abane kwa tumbo la kidole. Na asiwe na haraka na ile ya nyuma kushoto."

"Unakwenda wapi sasa? Chai ipo motoni."

"Kunywa wewe, Mama Roho Juu. Wewe ndiye mwenye baridi."

Sikuusikia mlio. Alikibeba kigoda kwapani na ndoo mkononi, kila kimoja upande wake, visigongane.

Daktari aliporudi mara ya mwisho alipima tena. Kiwele kilikuwa kimepoa, vikombe vitatu vilikuwa maji. Robo ya kiwele ya nyuma kushoto ilikuwa imesinyaa, ndogo, ngumu, chuchu imelegea kama ncha ya soksi tupu. Alisema imekufa, haitatoa tena, na tushukuru ng'ombe mwenyewe yu hai. Ng'ombe wa mama muuza mkaa hakuwa na bahati hiyo. Mtungi alikaushwa, yaani aliachwa bila kukamuliwa kwa muda, akatibiwa, na fundi sasa anamkamua mwenyewe. Anapigwa mateke, majirani wanasikia, hakuna anayecheka.

Binti yangu ndiye anayekamua kwetu. Hufuata kila kitu tulichofundishwa, na hatujapata kibonge tena. Maziwa ni machache.

Mkono Laini nilimwona mvua zilipokwisha. Nilipita nyuma ya nyumba ya wageni iliyo karibu na kituo cha mabasi, na alikuwa uani, ameinama kwenye beseni refu, anafua mashuka. Harufu ya dawa ya kung'arishia ilinichoma pua kutoka barabarani. Nilimwita. Alinyoosha mgongo taratibu.

"Mama Roho Juu! Mjukuu?"

"Anakaa sasa. Ana meno mawili."

"Na ya nyuma kushoto? Imeamka?"

"Haijaamka."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyepewa habari za mgonjwa anayemjua.

Nilikuwa nimeyapanga maneno siku nyingi. Niliyasema yote kwa mara moja. Nilimwambia arudi, Tulia ni wake, nami nitakaa jikoni, naapa, sitatoka hata nikisikia nini. Alinisikiliza. Kisha aliitoa mikono kwenye maji akanionyesha, viganja juu.

Ngozi ilikuwa imebambuka. Vidole vilikuwa na mipasuko kwenye kila kiungo, mingine mibichi, mingine imefunga kwa rangi ya kahawia, na kwenye kile kidole kilichopinda palikuwa na kidonda chenye usaha.

"Mikono hii?" alisema. "Daktari wako alisemaje?"

 Akairudisha majini.

Kikombe chake bado kipo msumarini. Kila ninapochemsha vitambaa vya ng'ombe, nakitumbukiza humo nacho kichemke, halafu nakitundika tena.